Wakalimani Katika Njia ya Elimu

Elimu haisafiri peke yake; huchukuliwa na ndimi za watu. Katika karne ya 12, mjini Toledo, Gerard wa Cremona alikitia katika Kilatini kitabu cha nyota cha Ptolemy, Almagest, kutoka katika Kiarabu. Alisaidiwa na Mkristo wa huko ajuaye Kiarabu, Galippus, aliyemfasiria maneno kwa lugha ya mji ule. Jina la Gerard limedumu vitabuni. La msaidizi wake halitajwi ila na wachache.

Jambo la namna hiyo lilitukia pia katika nchi yetu. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliwasili Kazeh, yaani Tabora. Huko mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwapa habari za maziwa ya bara, na miongoni mwake ziwa kubwa la kaskazini. Burton alijua Kiarabu; Speke hakukijua. Speke alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa India utumwani tangu utoto, naye Bombay akasema Kiswahili na wenyeji. Kwa msaada huo Speke alilifikia ziwa Agosti 1858, akaamini kuwa ndilo chanzo cha Nili.

Burton alikataa. Alidai kwamba habari zilizopokezanwa kwa ndimi kadhaa zilikuwa zimeharibika njiani. Shaka hiyo haikuwa ya kudharauliwa, kwani hakuna tarjuma isiyopoteza kitu. Basi Speke alirudi pamoja na Grant, na Bombay akiwa nao. Mwaka 1861 walipita Usui, upande wa Biharamulo, ambako mtawala Suwarora aliwadai hongo nyingi kabla ya kuwaachia njia ya Karagwe. Hapo uhai wa safari ulitegemea maneno ya wakalimani. Tarehe 28 Julai 1862 Speke aliyaona maji ya ziwa yakitoka kuwa mto. Na mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote, ikabainika kuwa ni moja. Habari zilizodhaniwa zimeharibika zilikuwa zimebeba kweli.

Mwaka 1876 chama cha wanajiografia cha London kilimtunuku Bombay medali ya fedha. Hata hivyo, wanafunzi wetu hufundishwa kwamba Speke alivumbua ziwa. Yafaa waambiwe pia nani alimwambia, na kwa lugha gani. Maana historia inayomwacha mkalimani haijasimulia jinsi elimu ilivyofika.