Drafti ya besiboli: historia ya kuchagua vijana, kiwanjani na ndani ya kompyuta

Leo katika historia ya michezo tunazungumza jambo ambalo huku kwetu watu wachache wamelisikia: namna ekipe za besiboli za Marekani zinavyogawana vijana, na namna watu wa kawaida walivyokuja kufanya kazi hiyo hiyo wakiwa nyumbani, mbele ya kompyuta. Mtu atauliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Kila mzazi, kila mwalimu na kila kocha wa kiwanja cha vumbi analijua swali lenyewe: kati ya watoto hawa wote, nani atafika mbali?

Kwa asiyeijua besiboli: mchezaji mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa fimbo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi salama mahali alipoanzia, ekipe yake inapata pointi. Hayo yanatosha ili tuendelee.

Kabla ya 1965: mwenye pesa ndiye anayechukua

Zamani, kijana wa sekondari akionekana ana mkono mzuri, ekipe nyingi zilikimbilia kwa wazazi wake, kila moja ikitaja bei yake. Mwaka 1964 kijana anayeitwa Rick Reichardt aliandikwa na Los Angeles Angels kwa dola zipatazo 200.000, kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi kubwa. Wenye ekipe waliingiwa na hofu: bei itafika wapi? Tena, ekipe dhaifu zilikuwa zimechoka kushindwa. New York Yankees walikuwa wametwaa ubingwa wa American League mara 14 katika misimu 16, kuanzia 1949 mpaka 1964.

Ndipo wakakubaliana juu ya drafti. Ya kwanza ilifanyika Juni 1965 mjini New York. Sheria yake ilikuwa rahisi: ekipe iliyomaliza ya mwisho ndiyo iliyotangulia kuchagua, na yenye nguvu ilingoja. Wote wakimaliza, wanaanza raundi ya pili, ya tatu, na kuendelea. Kijana akishachaguliwa na ekipe moja, hawezi kwenda kutafuta bei kwa nyingine.

Tuseme ukweli wote. Sheria hiyo ilisaidia ekipe maskini, lakini ilibana pia mfuko wa vijana. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Rick Monday, alipata dola zipatazo 100.000, karibu nusu ya zile za Reichardt.

Aliyemchagua Monday ni Kansas City Athletics, ekipe iliyokuwa ya mwisho mwaka 1964. Mwaka huo huo, katika raundi ya 6, walimchukua Sal Bando. Mwaka 1966 walimpata Reggie Jackson, na mwaka 1967 Vida Blue. Mwaka 1968 ekipe ilihamia Oakland, na vijana hao waliendelea kukomaa huko. Oakland ilitwaa World Series mara tatu mfululizo: 1972, 1973 na 1974, ingawa Monday mwenyewe alikuwa amekwisha kupelekwa ekipe nyingine. Nao Yankees? Mwaka 1966 walimaliza wa mwisho katika ligi yao.

Wakubwa nao wanakosea

Lakini kutangulia kuchagua hakumaanishi kuona vizuri. Mwaka 1966 zamu ya kwanza ilikuwa ya New York Mets. Walimwacha Reggie Jackson, wakamchagua mdakaji aitwaye Steve Chilcott. Chilcott hakucheza hata mechi moja ya ligi kubwa. Jackson aliingia kwenye jumba la heshima la Cooperstown mwaka 1993.

Mike Piazza alichaguliwa mwaka 1988 katika raundi ya 62, akiwa wa 1.390 kwenye orodha. Los Angeles Dodgers walimchukua kwa sababu kocha wao, Tommy Lasorda, alikuwa rafiki wa baba yake. Piazza huyo alipiga mpira nje ya uwanja mara 427 katika ligi kubwa, naye pia yuko Cooperstown.

Na kuna Albert Pujols. Alizaliwa Santo Domingo, katika Jamhuri ya Dominika, akahamia Marekani na jamaa zake akiwa kijana. Alifika shuleni bila kuzoea Kiingereza. Wasaka vipaji wengine walitilia shaka umri wake, wengine hawakujua acheze nafasi gani. Mwaka 1999 St. Louis Cardinals walimchukua katika raundi ya 13, baada ya vijana 401 kutajwa. Alipostaafu mwaka 2022, alikuwa amepiga mipira 703 nje ya uwanja.

Kutoka dadu mpaka kompyuta

Mashabiki walipoona makosa ya wakubwa, walisema: hata mimi ningeweza. Walikuwa na pa kujaribia. Tangu 1951 kulikuwa na mchezo wa mezani uitwao APBA, na mwaka 1961 Hal Richman alianza kuuza Strat-O-Matic. Kila mchezaji wa kweli alikuwa na kadi yake yenye namba zilizotokana na alivyocheza msimu uliopita. Unarusha dadu, unasoma kadi, unajua kama mpira umepigwa au umekosewa. Marafiki walikaa mezani, wakachagua kadi kwa zamu, kila mmoja akajenga ekipe yake.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 1999 Mjerumani Markus Heinsohn alitoa Out of the Park Baseball. Mtu wa nchi inayopenda futiboli ndiye aliyetengeneza mmoja wa michezo ya besiboli inayoheshimiwa sana. Ndani yake wewe ni mkurugenzi wa ekipe. Kila mwaka kompyuta inakuletea mamia ya vijana wa kubuni, wa sekondari na wa chuo, nawe unangoja zamu yako.

Kila kijana ana alama kati ya 20 na 80, kama zile wanazotumia wasaka vipaji wa kweli. Hamsini ni mtu wa kawaida wa ligi kubwa. Kuna alama ya leo, na kuna ya kesho, yaani pale anapoweza kufika. Wa chuo yuko karibu kuiva. Wa sekondari anaweza kupanda juu zaidi, lakini anaweza pia kuumia bega au kusimama njiani. Mwingine ni hodari, lakini anadai pesa ambazo huna, na ukimchagua bila kumlipa, unaweza kupoteza zamu yako. Ukiwa na haraka ya ubingwa, utachagua vibaya, maana matunda ya drafti yanangoja miaka minne au mitano.

Jambo kubwa ni hili: alama hizo ni maoni ya msaka vipaji wako, si ukweli wenyewe. Ukimnyima bajeti, atakuletea habari zenye makosa zaidi. Unaweza kuzima sehemu hiyo ukaona kila kitu wazi, lakini wachezaji wengi wanaiacha. Wanajua kwamba kuchagua bila uwezekano wa kukosea si kuchagua vijana, ni kununua viatu.

Wasiofika kwenye orodha

Drafti inahusu vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Mtoto wa Afrika hayumo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikulia kwenye jengo la klabu ya besiboli huko Randburg, ambako mama yake alifanya kazi. Aliandikwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 bila kupitia drafti. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kubwa. Hapa jirani, watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza kombe la dunia la watoto, Little League World Series, mwaka 2012.

Ngoepe alionekana kwa sababu kulikuwa na kiwanja karibu na kitanda chake, na mtu wa kumtazama. Hapa ndipo historia hii inapowagusa ndugu zetu waliokimbia vita na wanaoishi kambini. Kijana aliyehama mara tatu hana mtu wa kuandika alivyocheza mwaka jana wala alivyosoma. Kocha mpya na mwalimu mpya wanamwona leo tu, akiwa amechoka na ana njaa, na wanampa alama ya leo.

Kwa hiyo, walimu na makocha, mnapopanga nani aingie ekipe na nani akae pembeni, kumbukeni kwamba orodha ya kwanza ni maoni tu. Andikeni majina ya wote. Mtazameni tena kila mtoto baada ya miezi michache, na aliyefika jana kutoka kijiji kingine apewe naye zamu ya kushika mpira. Pujols alikuwa mgeni kama yeye, na watu walitaja majina 401 kabla ya lake.