Rangi ya Maji Isiyopenda Maji

Sisi tunaoandika programu tumedekezwa. Ukikosea unabonyeza Ctrl na Z, kosa linafutika, maisha yanaendelea. Leo, ndugu msomaji, nataka tuangalie kazi isiyo na kitufe hicho: kusafisha mchoro uliopakwa rangi ya akriliki.

Kwanza historia. Mwaka 1901 Mjerumani Otto Röhm aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu kemia ya akriliki. Nusu karne baadaye kemia hiyo ilikuwa imezaa rangi za maji za kupaka nyumba. Mwaka 1955 Henry Levison wa Cincinnati, Marekani, akaanza kuwauzia wachoraji Liquitex, akriliki inayochanganywa na maji.

Wachoraji waliipokea kwa mikono miwili. Rangi ya mafuta huchukua siku nyingi kukauka. Hii hukauka upesi, na brashi unaiosha bombani. David Hockney, Mwingereza aliyekuwa akiishi California, aliitumia mwaka 1967 kuchora A Bigger Splash, ule mchoro wa bwawa la kuogelea ulioko Tate, London. Sehemu kubwa alipaka kwa rola kama fundi wa nyumba. Lakini maji yanayoruka, tukio la sekunde mbili, yalimchukua kama wiki mbili kwa brashi ndogo.

Wengi waliamini kwamba plastiki haizeeki. Ni kweli, akriliki haigeuki manjano haraka kama mafuta. Shida yake iko kwingine.

Ndani ya kopo kuna chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea majini. Ili zisigandamane, kiwanda hutia kemikali za jamii ya sabuni. Ukishapaka, maji huondoka, chembe hukaribiana na kushikana kuwa utando mmoja. Sabuni haiondoki. Hubaki ndani, na polepole hupanda juu na kuacha ukungu wa kijivu unaofifisha rangi.

Tena utando huo hubaki laini katika joto la kawaida la chumba, kwa hiyo vumbi hunasa. Ukiwa kwenye baridi kali, hukakamaa na unaweza kupasuka.

Mchoro wa zamani wa mafuta mara nyingi una vanishi juu: ikichafuka, mhifadhi huiondoa na kupaka nyingine. Wachoraji wengi wa akriliki wa miaka ya 1960 hawakupaka vanishi kabisa. Uchafu unakaa juu ya rangi yenyewe. Ukitumia spiriti au asetoni, rangi inalainika na hata kuyeyuka. Ukitumia maji, inavimba na sabuni inatoka.

Hapo ndipo penye swali gumu. Ile sabuni ni uchafu, au ni sehemu ya mchoro? Ukiitoa, hairudi.

Kati ya 2006 na 2009 Tate iliendesha mradi mzima wa kuchunguza rangi hizi, na mwaka 2009 Getty Conservation Institute ya Los Angeles ikaanza warsha za kuwafundisha wahifadhi. Jibu moja lilikuwa kurekebisha maji yenyewe. Maji matupu hupenya kwenye rangi kwa nguvu. Yakitiwa chumvi kidogo, nguvu hiyo hupungua. Yakiwa na asidi kidogo, pH ya 5 au 6, rangi huvimba kidogo kuliko kwenye maji yenye alkali.

Na hapa ndugu zetu wa programu wanaingia. Chris Stavroudis, mhifadhi wa Los Angeles, alitengeneza databesi inayokokotoa michanganyiko hiyo. Mhifadhi huandaa vimiminika vichache, programu humwambia achanganye vipi, naye anajaribu kwenye kona ndogo kabla ya kugusa kwingine. Sisi tungeita hiyo testi kabla ya kupandisha kodi.

Kama una mchoro wa akriliki nyumbani, usiupanguse kwa kitambaa kibichi. Tumia brashi laini, kavu. Usiuegemeze uso kwa uso na mwingine wala usiufunge kwa nailoni inayogusa rangi; kwenye joto kama la Mombasa vitagandana.

Programu ina nakala ya akiba. Mchoro ni huo huo mmoja. Wanaoujua vizuri zaidi ndio wanaougusa kidogo zaidi.