Ugonjwa Usioonekana kwa Ubao wa Herufi

Mwaka 1835, mjini Dublin, daktari Robert Graves alieleza habari za wanawake waliovimba koo huku mioyo yao ikidunda kupita kiasi. Mmoja wao macho yalikuwa yametokeza. Miaka mitano baadaye, Karl von Basedow wa Merseburg, Ujerumani, aliziunganisha dalili tatu: rovu, moyo kwenda mbio na macho kutoka nje. Tangu hapo madaktari wakawa hodari wa kutambua jicho lililotokeza. Namna jicho hilo linavyosogea ilichelewa sana kupimwa.

Na hapo ndipo mgonjwa anapoumia zaidi. Katika ugonjwa huu, uitwao wa Graves, kinga ya mwili huishambulia tezi ya koo, na kwa baadhi ya wagonjwa hushambulia pia nyama zilizo nyuma ya macho. Misuli inayozungusha jicho huvimba, kisha hukakamaa. Mara nyingi unaotangulia ni msuli wa chini, kwa hiyo kutazama juu huwa kazi, na kitu kimoja huonekana viwili. Kwa mchuma chai wa Roret, nchini Kenya, anayetafuta majani mawili na chipukizi huku akishuka mteremko wenye utelezi, hilo ni jambo la riziki na la usalama pia.

Mwaka 1862 Herman Snellen wa Utrecht, Uholanzi, alitoa ubao wa herufi ambao hadi leo hutundikwa ukutani katika kliniki za macho. Ni chombo kizuri, lakini mgonjwa hufunika jicho moja akasoma kwa lingine. Ukifunika jicho moja, ile picha ya pili hutoweka! Mtu husoma mpaka mstari wa mwisho, akaambiwa macho yake ni mazima, kisha akajikwaa akishuka ngazi.

Njia ya kupima mwendo wa macho ilitoka kwa watu waliochunguza usomaji. Mwaka 1901, Raymond Dodge na Thomas Cline wa Marekani walielekeza mwanga kwenye konea, na mng'ao wake ukajichora kwenye bamba la picha lililokuwa likishuka taratibu. Mwaka 1982 Steven Feldon na Renate Unsöld walichapisha vipimo vya mwendo wa macho ya wagonjwa wa Graves, vilivyochukuliwa kwa miale ya infraredi. Siku hizi kamera hufuata mboni mgonjwa anapoandama nukta kwenye skrini, na kompyuta hulinganisha macho yote mawili: lipi linachelewa, lipi linakwama, na katika upande upi.

Kenya ina historia yake ya rovu. Nchi hii ililazimisha chumvi itiwe iodini mwaka 1978, kwa sababu ya marovu yanayotokana na upungufu wa madini hayo. Rovu la namna hiyo halina uadui na misuli ya macho, kwa hiyo wawili waliovimba shingo huenda wasiwe na ugonjwa mmoja. Baadaye simu ikaingia katika kazi ya kupima macho. Programu ya simu ya Peek, inayopima uwezo wa kuona, ilijaribiwa Nakuru, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kisha katika shule 50 za Trans Nzoia walipimwa wanafunzi zaidi ya 20,000, baadhi kwa Peek na wengine kwa njia ya kawaida. Kati ya waliopewa rufaa, asilimia 54 ya kundi la Peek walifika hospitalini, dhidi ya 22 ya kundi la kawaida. Ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, kipimo chenyewe bado hupima jicho mojamoja, kwa hiyo ugonjwa huu unaweza kukipita.

Zahanati isiyo na kamera ya infraredi haiko mikono mitupu. Muuguzi anaweza kuchora herufi H hewani kwa kidole, mgonjwa akakifuata bila kugeuza kichwa, na kila upande akaulizwa kama anaona kidole kimoja au viwili.

Msomaji wa Roret, Litein au Kapkatet, ukianza kuona vitu viwili-viwili, au kope zikipanda na macho kukauka, omba upimwe tezi pamoja na macho. Hospitali ya Tenwek, Bomet, ina kitengo cha macho. Kama unavuta sigara, acha, kwani moshi huuzidisha ugonjwa huu. Na rangi nyekundu ikianza kufifia machoni pako, mshipa wa fahamu wa jicho huenda umebanwa: nenda hospitalini siku hiyo hiyo.