Namna ya Kuchagua Kikinga Mwanga na Kifuniko cha Lenzi ya Kamera

Picha ya kiongozi akila kiapo, au ya mkandarasi akikabidhi mradi kwa wananchi, hupigwa mara moja tu. Miale ya jua ikiingia kwenye lenzi kutoka pembeni, picha hupauka na kupata madoa ambayo ni vigumu kuyaondoa baadaye. Vifaa viwili vya gharama ndogo hupunguza hasara hiyo: kikinga mwanga na kifuniko.

Kikinga mwanga hufungwa mbele ya lenzi wakati wa kupiga picha. Huzuia miale ya pembeni, na lenzi inapogongwa ndicho hupokea pigo la kwanza. Chenye umbo la petali hufaa lenzi zinazochukua eneo pana, kwa kuwa sehemu zilizokatwa huacha wazi pembe za picha. Chenye umbo la silinda hufaa lenzi za masafa marefu, pamoja na zile ambazo sehemu ya mbele huzunguka zinapolengwa. Kikinga kisicholingana na lenzi huweza kutia giza kwenye pembe za picha. Hivyo kichaguliwe kwa namba ya modeli. Kwa mfano, lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM hutumia kikinga ES-68.

Kifuniko cha mbele huchaguliwa kwa kipenyo kinachoandikwa baada ya alama Ø, si kwa urefu wa fokasi. Lenzi iliyotajwa ina namba 50 katika jina lake, lakini kifuniko chake ni cha milimita 49. Kifuniko kinachobanwa katikati ni bora zaidi, kwani huondolewa kwa urahisi hata kikinga kikiwa mahali pake. Kifuniko cha nyuma hufuata aina ya kiungio: cha Canon EF hakifai Canon RF, wala cha Nikon F hakifai Nikon Z.

Baada ya kazi, lenzi ifunikwe. Vumbi hukwaruza kioo, na kamera inayoachwa ikielekea jua huweza kuungua kwa ndani.

Taasisi za umma zinazoagiza vifaa hivi zinashauriwa kuandika jina kamili la lenzi na kipenyo chake katika maombi ya ununuzi, ili fedha za wananchi zisinunue kifaa kitakachobaki stoo.