Kutoka Kipande cha Mkonge hadi Wasifu wa Mtandaoni

Historia ya kumbukumbu za watu ni historia ya wale wanaozishika. Kwa hiyo tunapochambua ujumbe wa mtandaoni unaopelekwa kwa mtu kufuatana na wasifu wake uliohifadhiwa, swali la kwanza ni hili: kadi iko mkononi mwa nani?

Tuanze na Tanga. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Chini ya Waingereza, kibarua wa mashamba ya Korogwe, kama Magunga na Ngombezi, alipewa kipande: kadi yenye nafasi 30. Kila alipomaliza kazi ya siku, nafasi moja ilitiwa alama. Zilipotimia zote ndipo alipolipwa. Kipande kilikuwa chombo cha unyonyaji. Lakini kibarua alikiona kwa macho yake, akahesabu alama, akazilinganisha na za mwenzake.

Uhuru ulileta chombo cha namna nyingine. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 iliwaweka watu wazima wote wa kijiji katika mkutano mmoja. Tangazo likisomwa mkutanoni Mpale, kijana, mjane na mwenye ng'ombe husikia maneno yale yale. Anayetilia shaka huuliza, na jibu husikiwa na wote.

Wasifu wa mtandaoni huvunja mambo hayo mawili. Kampuni hukusanya umri, jinsia, mahali, vitu alivyotafuta mtu na alivyovipenda. Kompyuta huwapanga watu katika makundi. Mwenye fedha hununua kundi analolitaka. Hivyo majirani wawili wa Mpale, kila mmoja na simu yake, huweza kupata maneno tofauti juu ya jambo lile lile, wala hakuna anayejua mwenzake kaambiwa nini. Kadi yao hawaioni.

Jambo hili si la nchi za mbali tu. Mwezi Machi 2018 kiongozi mmoja wa kampuni ya Uingereza, Cambridge Analytica, alionyeshwa katika televisheni akijigamba kwamba walifanya kazi katika kampeni za uchaguzi wa Kenya za 2013 na 2017. Mwezi uliofuata Facebook ilieleza kuwa taarifa za watu hadi milioni 87 duniani huenda ziliifikia kampuni hiyo isivyo halali. Majigambo ya mfanyabiashara si ushahidi kwamba kura ziligeuzwa. Ni ushahidi kwamba soko la wasifu lipo, na limefika kwetu.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inampa mwananchi haki ya kuzijua taarifa zake zinazoshikwa na wengine, na ya kukataa zisitumike kumtangazia biashara.

Lakini haki isiyojulikana haidaiwi. Basi, kada asiishie kuisoma sheria. Awakutanishe wananchi, simu zifunguliwe, ujumbe usomwe kwa sauti na kulinganishwa, kama vibarua walivyolinganisha vipande vyao. Lililonong'onwa kwa mmoja mmoja lirudishwe mkutanoni.