Wapasua Mbao wa Rwenzori na Mashindano ya Dunia

Mwaka 1970 wakata miti wa Hungaria na wa Yugoslavia walishindana, na huo ndio mwanzo wa mashindano ya dunia ya kazi hiyo. Leo hupimwa mambo matano: kuangusha mti, kubadilisha mnyororo wa msumeno, kukata gogo kwa mikato miwili inayokutana, kukata gogo lililolazwa juu ya ubao bila kuugusa ubao, na kupogoa matawi. Mti huelekezwa kwenye kigingi, na waamuzi hupima umekiacha kwa umbali gani. Anayevunja kanuni za usalama hupunguziwa alama, awe mwepesi namna gani.

Kinachonivutia mimi si mshindi bali daftari la mwamuzi. Humo kibarua wa msituni ameandikwa jina, nchi na ustadi wa mkono wake.

Kwetu Kasenyi, wilayani Kasese, daftari la namna hiyo halijakuwapo. Kabla ya msumeno wa injini, mbao zilipasuliwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini akimwagikiwa na unga wa mbao. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mji ukakua, na mji haujengwi bila mbao. Lakini Rwenzori ilikuwa hifadhi ya msitu tangu 1941, na mwaka 1991 ikawa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo naona mpasua mbao ameingia katika maandishi ya serikali kwa milango miwili: leseni na mashtaka.

Siku hizi mbao nyingi zinazovuka Mpondwe, karibu na Bwera, hutoka misitu ya Kongo, pande za Beni na Ituri. Nyingi hupasuliwa humohumo msituni kwa msumeno wa mnyororo, kwa kufuata mstari uliopigwa kwa kamba na jicho la fundi. Ustadi huo haumo katika yale matano. (Ungekuwa wa sita, nadhani medali zingekuja huku.) Mpakani huhesabiwa mbao, fundi hatajwi.

Wazee waliovuta msumeno wa watu wawili bado wapo vijijini. Nimeanza kuwauliza majina ya wenzao, nani alisimama juu na nani chini.