Hesabu ya Mkate Ilitangulia Kompyuta

Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kila siku za ofisi ilijengwa na wauza chai na keki. Mwaka 1947 kampuni ya J. Lyons ya London iliwatuma Marekani maofisa wake wawili, Oliver Standingford na Raymond Thompson, wakachunguze mbinu mpya za ofisi, nao wakarudi na habari za mashine za hesabu. Lyons ikakichangia Chuo Kikuu cha Cambridge pauni 3,000 za kusaidia ujenzi wa mashine ya EDSAC, kisha ikaunda yake, LEO. Novemba 1951 LEO ilianza kuthamini mazao ya idara ya mikate na keki. Wengi huishangaa mashine. Mimi naona cha kushangaza zaidi ni kilichoitangulia. Tangu miaka ya 1930, chini ya mwanahisabati John Simmons, Lyons ilikuwa na ofisi maalumu ya kuchunguza jinsi kila karatasi ilivyopita mkono kwa mkono, na kwa nini. Mashine ilipowashwa, maswali ya kuiuliza yalikwisha kujulikana.

Mpangilio huohuo ulijirudia kwa Joseph Orlicky, aliyefanya kazi katika kiwanda cha matrekta cha J. I. Case kabla ya kuhamia IBM. Hoja yake, aliyoiandikia kitabu mwaka 1975, ni nyepesi kiasi cha kuudhi: mteja huagiza meza, haagizi skrubu. Idadi ya meza hukisiwa. Idadi ya skrubu hupigiwa hesabu kutokana na meza. Kwa hiyo roho ya programu za kuendeshea viwanda na karakana ni orodha ya vinavyoingia katika bidhaa moja, pamoja na hesabu ya kweli ya vilivyomo stoo. Uhasibu, mauzo na mishahara viliunganishwa baadaye, hasa kupitia kampuni kama SAP, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM. Mwenye karakana ndogo anayeanza kuchagua programu kwa kuangalia uhasibu ameishika historia hii mkiani.

Atakayepinga atasema Lyons ilikuwa jitu, tena programu za leo huja na taratibu bora ndani yake, hivyo mdogo anunue tu azifuate. Ukubwa haukuwa kinga. Hershey, watengenezaji chokoleti wa Marekani, walitumia takriban dola milioni 112 kuunganisha mifumo yao, wakaiwasha Julai 1999, msimu wa peremende ukibisha hodi. Oda za takriban dola milioni 100 hazikuwafikia wateja, ilhali bidhaa zilikuwapo ghalani. Ilielezwa kwamba baadhi ya shehena zilihifadhiwa mahali ambapo mfumo haukupatambua kuwa ghala. Mtunza stoo alijua, programu haikuambiwa. Hoja ya taratibu bora ina ukweli wake upande wa kodi na mishahara, ambako sheria ni moja kwa wote. Lakini hakuna muuzaji anayejua ni mbao kiasi gani hupotea kwa msumeno katika karakana fulani. Hapo mnunuzi ampe muuzaji bidhaa moja halisi, na orodha yake, mabaki yake na vipande vilivyoishia njiani, aone kama programu itafika kwenye gharama ambayo fundi mkuu anaikubali, kabla ya kuonyeshwa michoro ya rangi kwenye skrini.